Pau ya Saba

Wanaume sita walikuwa wameshapanda juu ya paa la maneaba, jumba la mikutano la kijiji, na mitaimbo yao pale Nei Rotia alipoingia na mkeka wake. Akautandika katikati kabisa, akalala chali, mikono kifuani. Haya, bomoeni sasa tuwaone.

"Shangazi, toka huko!" Baraniko akapaza sauti kutoka juu. Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na ndiye aliyeyaleta mabati kwa meli. "Utaangukiwa!"

"Niangukiwe. Paa hili linanijua kuliko wewe."

Wazee walikuwa wameketi, kila mmoja mahali pa ukoo wake, wakijifanya hawasikii. Uamuzi walishaupitisha wiki iliyopita: paa la zamani lishuke, lipande la chuma, pau nane badala ya ishirini. Nei Rotia hakuwa na ugomvi na mabati hata kidogo, nyumbani kwake ameezeka hayohayo. Ugomvi wake ulikuwa pau. Baba yake alimlaza hapahapa mchana kweupe, mwaka baada ya mwaka, akamfundisha anga zima juu ya paa hili. Upande wa mashariki ni nyota zinapochomoza, upande wa magharibi ni zinapozama, na kila nyota ina pau yake. Kilimia, ambacho kwetu ni Nei Auti, pale. Rimwimata, ile nyekundu, pau ya saba. Sasa weka pau nane za chuma, halafu uje unionyeshe hizo nyota nyingine utazipachika wapi! Na akifa yeye, basi, anga lote limekwenda naye.

"Nyota ziko mbinguni, shangazi, haziendi popote," alisema Baraniko. "Isitoshe, siku hizi kuna mashine. Mimi mwenyewe si mashine iliyonirudisha?"

Kisa hicho kila mtu alikijua. Miezi mitatu nyuma Baraniko alipotea baharini siku tatu, akarudi mzima, akakizungusha kile kimashine chake cha kuonyesha njia humuhumu ndani, watu wakakishika kwa zamu. Tangu siku hiyo nani angembishia?

Nei Rotia alicheka kicheko kikavu. Miezi mitatu alikuwa amelimeza neno hili kwa sababu ni damu yake. Leo, hapana.

"Baraniko, ulirudi kwa mlango gani wa mwamba?"

Huko juu Baraniko akajifanya anakagua mtaimbo wake.

"Nakuuliza wewe!"

"Wa kusini."

"Sema kwa nguvu, wazee hawa masikio yao mazito."

"Wa kusini!"

Wazee wakatazamana. Mlango wa kusini ni kijipenyo tu katika mwamba unaozunguka kisiwa, hakuna aliyeupita tangu injini zije, na mashine haziujui kabisa. Zote humleta mtu kwenye mlango mkubwa.

"Anayetokea pale ni mtu aliyeifuata Rimwimata inapozama," Nei Rotia alisema, bado amelala. "Nani alikufundisha hiyo? Betri?"

Mtu aliangua kicheko, mkewe akamfinya. Baraniko akashuka ngazi polepole, akasimama mbele ya wazee, uso umemshuka.

"Betri ilikufa siku ya kwanza," alisema. "Niliona haya kusema. Nilifumba macho, nikaliona paa hili, nikazihesabu pau kama shangazi alivyonionyesha utotoni."

Akautupa mtaimbo mchangani, akaja akalala mkekani kando ya shangazi yake, akawapigia kelele waliobaki juu.

"Shukeni! Mabati yatakaa juu ya pau hizihizi. Asiyetaka aje anitoe mimi kwanza."

Nei Rotia hakumtazama. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi masikioni, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Usinifanyie ushujaa hapa," alisema. "Miezi mitatu umeisifu betri. Haya, pau ya kwanza, nyota gani?"