Nani Aliziacha Boliti

Nina ubaya mmoja ambao mke wangu Benta hachoki kuutaja: nikishaanza kumshuku mtu, hata salamu yake naipima. Kwa hiyo lori letu lilipoanza kugongagonga ndani, siku mbili tu baada ya kulitengeneza wenyewe, sikumlaumu fundi, maana fundi hakuwapo. Nilimshuku Waweru.

Hiram Waweru na mimi tulikuwa na lori hilo nusu kwa nusu tangu mwaka wa themanini na tano, tukibeba miwa ya Muhoroni. Yeye Mkikuyu wa Nyeri, mimi Mjaluo wa Kombewa, na pale Mamboleo, kando ya mji, tulipanga nyumba katika ua mmoja, watoto wetu wakila sahani moja. Mwaka huo wa tisini na tatu, baada ya uchaguzi uliogawa makabila, urafiki wa namna hiyo ulikuwa ukitazamwa kwa jicho la pembeni. Majirani wengi wa kabila lake walikuwa wamefunga mizigo wakaondoka mjini. Waweru alibaki na mkewe Rahab, nami nilijivunia kubaki kwake kuliko nilivyojivunia lori.

Jumamosi tulishusha giaboksi. Oili ilikuwa inavujia klachi, na lori likipanda mlima lilikuwa linanguruma bila kwenda. Tukafungua flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, tukabadilisha sili ya kuzuia oili na bamba la klachi, tukarudisha kila kitu. Jioni likawaka vizuri, tukapeana mikono yenye grisi.

Jumatatu, tumebeba miwa, nikaisikia. Tok. Tok. Tok. Waweru akikanyaga klachi, kimya. Akiachilia, tok. Ilinyamaza kama wasengenyaji unapoingia jikoni ghafla, na jambo hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

"Hiyo si injini, Baba Maximilla," Waweru akasema. "Iko huku nyuma. Ile kazi yako ya Jumamosi ulimaliza?"

"Nilimaliza. Na wewe?"

"Yangu ilikuwa giaboksi. Niliosha, nikafunga."

Nililishika hilo neno, yangu. Tangu lini chini ya lori letu kukawa na yangu na yako?

Jumanne akakataa kuendesha. "Leo shika wewe," alisema, akanirushia funguo. Jumatano nikamkuta kando ya barabara na Waliaula, yule mtu wa Bungoma anayenunua malori ya zamani. Waliponiona wakaacha kuzungumza. Nilifika nyumbani nimevimba, nikamwambia Benta kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

"Si umuulize tu?" Benta akasema.

Kumuuliza! Mtu akitaka kukuua utamuuliza? Nikachukua bisibisi ndefu, nikawasha lori, nikaweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Mbele, safi. Katikati, safi. Nyuma, pale giaboksi ya Waweru inaposhikana na injini, ule mlio ukanipiga sikio mpaka nikaruka. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilikaa kwenye tairi nikiwaza jinsi nitakavyomwambia tuachane, na moyo uliniuma, kwa sababu sikuwa na rafiki mwingine kama yeye.

Alhamisi, tukiwa Muhoroni, ule mlio ulizidi hadi wapakiaji miwa wakawa wanageuka kutazama. Nikaliingiza lori kwa Oketch, fundi wa matrekta mwenye kibanda kando ya barabara ya kiwanda. Alinifanya nikanyage klachi, niachilie, nikanyage tena. Mara akapunga mikono yote miwili.

"Zima! Zima haraka, omera, ndugu yangu! Flaiwili imelegea. Hiyo ikichomoka inapasua mpaka kwa miguu yako wewe dereva."

Tulishusha giaboksi, tukatoa klachi. Boliti za flaiwili zilikuwa nane. Mbili zilikuwa zimekazwa. Sita Oketch alizizungusha kwa vidole.

Hapo ndipo nilipolipuka. Jumamosi ile, nilipokuwa nimekaza boliti mbili tu, tero buru ya Mzee Oduor ilipita mbele ya ua wetu: wanaume na ng'ombe, mikuki na ngoma, wakikimbia kukifukuza kifo kutoka bomani kwa marehemu. Oduor alikuwa wa ukoo wangu. Singelala chini ya lori huku ukoo unapita, kwa hiyo niliiacha spana palepale kwenye boliti nikakimbia nao. Niliporudi baada ya saa mbili, ngoma bado zinanilia kichwani, nilifunga klachi moja kwa moja. Mwenzangu alikuwa hapo muda wote; nilijua amekaza zilizobaki. Nani asingekaza?

"Nilikuachia spana hapo kwa boliti!" nilimpigia Waweru kelele mbele ya wapakiaji wote. "Masaa mawili! Ulikuwa unangoja nife, wewe na Waliaula mchukue gari?"

Waweru alijifuta mikono polepole. "Waliaula nilikuwa namwambia hatuuzi. Na Jumanne nilikupa gari ndio ukanyage mwenyewe, usikie vile klachi inanyamazisha hiyo kitu. Nilikuambia iko nyuma. Ulinisikiliza?"

"Na boliti?"

"Hiyo spana singeigusa, Baba Maximilla. Si wewe uliniambia?"

"Nilikuambia nini?"

"Eti mtu akiacha kazi aende tero buru, chombo chake haiguswi mpaka arudi aishike mwenyewe. Mwenye ataigusa anarudisha kifo kwa nyumba ya huyo mtu. Nilikaa hapo nikifukuza hata kuku. Ukarudi, ukaingia chini, ukafunga klachi. Nikakuuliza kama umemaliza, ukasema umemaliza."

Oketch aliangua kicheko. "Hiyo ni mila ya wapi? Mimi nimezaliwa hapa, sijawahi..." Kisha akaniona uso, akainamia boliti zake.

Nilikuwa nimekumbuka. Miaka sita nyuma Waweru aliazima spana yangu nzuri akaipoteza, nami, kwa hasira na utani, nikamtungia mila ili aache vyombo vyangu. Nilimsimulia nikiwa nimekunja uso kama mzee wa baraza. Usiku ule mimi na Benta tulicheka mpaka machozi, halafu nikasahau kabisa.

"Nilitunga," nikasema.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. "Watoto wangu wanaijua hiyo," alisema tu. "Mwihaki aliiandika kwa insha ya shule." Akaokota spana, akanipa, akakaa kando akinitazama nikizikaza zote nane.

Lori liliondoka Muhoroni limetulia kabisa. Tulipita Chemelil. Kisha Waweru akaanza kuuliza.

"Na ile ya mkwe kutolala kwa nyumba ya mama mkwe?"

"Hiyo ni kweli. Muulize mtu yeyote."

"Na ile ya ndugu mdogo kutojenga mbele ya mkubwa?"

"Kweli pia. Waweru, ni ile moja tu. Naapa."

Alitazama miwa ikipita dirishani. Tulipokaribia Kibos akauliza tena, kwa sauti ndogo.

"Mwaka jana, watu walipokuwa wanahama. Rahab alikuwa ashafunga vyombo. Ukaenda kuongea na wale wanaume wa sokoni wenye walikuwa wanatisha watu, ukarudi ukatuambia tulale, wamesema hakuna mtu atagusa nyumba yetu." Akanigeukia. "Walisema hivyo?"

"Walisema," nilimjibu. Na ni kweli walisema hivyo, kwa vinywa vyao, nikiwa nimesimama mbele yao.

Waweru aliupima uso wangu kipande kwa kipande, kama ninavyopima mimi salamu ya mtu ninayemshuku. Halafu akaniomba nisimamishe lori. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaanza kwenda Mamboleo kwa miguu, nami nikabaki pale kando ya barabara, injini ikiwaka.