Heshima ya Mashine

Manukato ya tajiri Chhabra yaliingia kwenye ofisi ya fidia kabla ya tajiri mwenyewe. Tetri, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ukutani na mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa, alikunja pua. Kiwandani mtu huyu alikuwa akipita mbio huku leso iko mdomoni, kana kwamba grisi ya wafanyakazi ni ugonjwa. Marehemu baba yake alikuwa bahili wa kutupwa, lakini angalau alizijua mashine zake moja moja. Huyu mtoto alikwenda kusoma ng'ambo akarudi na miwani, na alichokijua kuhusu bati ni bei yake tu.

Tetri alitaka kitu kimoja: pensheni ya mkono. Vidole vitatu vilikwenda na mashine ya kukata bati, na kwa gumba na kidole cha mwisho hakuna kiwanda katika mji mzima wa Faridabad kingempa kazi. Asipopata fidia, atarudi kijijini kwao, mbali huko jimbo la Bihar, kukaa jikoni kwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, ale makombo na masimango. Na tajiri alikuwa amekuja na gari lake jeupe kuhakikisha hapati.

Kando ya tajiri aliketi Fundi Dharampal, msimamizi wa mashine, nywele zimelazwa kwa mafuta ya haradali, amevaa shati la kwendea harusini. Tetri alimkazia macho. Fundi akajitia anasoma kalenda ya ukutani. Kiwanda kizima kilijua ameahidiwa nini akishuhudia upande wa tajiri: meza ofisini, chini ya feni. Wengine huuzwa ghali, Tetri aliwaza. Huyu amenunuliwa kwa upepo.

Bi. Kaushik, afisa wa fidia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alimgeukia tajiri.

"Haya, bwana. Huyu mama anasema amekatika mkono akiwa kazini kwako, jioni ya kuamkia sikukuu ya Vishwakarma. Wewe unasemaje?"

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kweli," tajiri alianza, na Tetri akajua uongo uko njiani. "Ameumia kiwandani kwangu, sikatai. Lakini si jioni hiyo. Ni siku yenyewe ya sikukuu. Kazi hakuna, watu wako mapumzikoni. Huyu alikuja kama mgeni, kula ladu za sikukuu, akaanza kuchezea mashine. Sheria inamlipa mfanyakazi aliye kazini, haimlipi mgeni mtundu."

Tetri aliruka. "Mgeni? Mimi? Tajiri, hata haya huoni! Nimekukatia bati mpaka nikakukatia na vidole, leo nimekuwa mgeni wa ladu?"

"Kaa, mama. Wewe umeshasema," Bi. Kaushik alimwambia, bila ukali.

Tetri akakaa. Wenzake hawakuja kumshuhudia. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha na lango la kiwanda la kuogopa. Lilibaki neno lake dhidi ya neno la tajiri, na fundi alikuwa ameletwa kuongeza uzito.

"Kwa hiyo siku hiyo mashine ilikuwa inafanya kazi?" aliuliza Bi. Kaushik.

"Bila shaka. Imezimwa ingemkataje?"

"Siku ya Vishwakarma."

"Siku ya Vishwakarma," tajiri alikubali, bila kugundua amesema nini. Kila mwaka alikuwa akimtuma dereva apeleke ladu kiwandani. Kwenye ibada yenyewe hakuwahi kukanyaga.

Bi. Kaushik aliweka kalamu chini. Tarishi mlangoni aliacha kutafuna tambuu. Siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, mji ule hata cherehani hupumzika. Mashine huoshwa, hupakwa unga mwekundu, huvishwa maua, na mtu anayebonyeza swichi siku hiyo ni heri angempiga mama yake kibao sokoni.

"Fundi," alisema Bi. Kaushik, "ufunguo wa umeme wa mashine unakaa kwa nani?"

"Kwangu, Mheshimiwa."

"Basi aliyewasha ni wewe."

Dharampal alimgeukia tajiri.

"Sema ndiyo, Dharampal, twende zetu," tajiri alimhimiza.

"Mimi?" Fundi alisimama, na sauti ikampanda kama mtu aliyetukaniwa wazazi. "Mimi nikawashe mashine siku ya Baba Vishwakarma? Mheshimiwa, ile mashine nimeanza kuivisha maua sijaota ndevu! Hilo siapi, hata nichinjwe! Mkono ulikatika jioni ya kuamkia sikukuu, tukimalizia oda. Kinga ya mashine tuliing'oa, huyu hapa ndiye aliyeamuru, eti inachelewesha kazi! Na damu niliisugua mimi kwa mikono yangu, kwa sabuni, nikarudia kwa mafuta ya taa, ili asubuhi mashine iwe safi kwa ibada!"

Tajiri alimtazama kama aliyeona kiti kikizungumza. "Mpumbavu wewe," alinong'ona, "nani amekuuliza habari za ibada?"

Mpaka hapo alikuwa bado hajaelewa. Tetri, pamoja na uchungu wake wote, nusura acheke.

"Alikuwa kazini," Bi. Kaushik alisema, akichukua kalamu. "Fidia ipo, na pensheni ni ya maisha. Mama, nenda. Bwana Chhabra, wewe baki, tuzungumze hiyo kinga."

Dharampal alimkimbilia Tetri nje kwenye ngazi, vikombe viwili vya chai mkononi, uso unang'aa.

"Umeona, dada? Meza nimeikosa kwa ajili yako. Lakini haki ni haki!"

Tetri hakupokea. Alitafuta shukrani moyoni mwake, maana mtu huyu kweli amemwokoa, akakuta kinyaa kitupu.

"Fundi, tajiri angesema nilikatika Jumanne yoyote tu, nimeingia kuiba bati. Ungesemaje mle ndani?"

"Aa, dada, mambo si yamekwisha..."

"Nakuuliza. Ungeapa?"

Dharampal alimsogezea kikombe kimoja.

"Wakati unasugua damu yangu," Tetri alisema, "mimi nilikuwa langoni, nimelala chini, nangoja riksho. Nilisikia brashi yako. Hukutoka hata kuniuliza kama ni mzima. Hiyo chai kainyweshe mashine."

Akashuka ngazi zilizobaki, akavuka barabara.