Datuk Norhayati na Meza ya Wake

...la, meza ya wake za wageni haimhusu mgeni huyu, haimhusu hata kidogo, Kidawa alikuwa akijisemea, kiganja chake kimefunika kadi ya jina iliyoandikwa Datuk juu ya kitambaa cheupe cha meza kuu, na upande wa pili Gadiel, msimamizi wa karamu katika hoteli hii ya Morningside, Durban, amemnyooshea kadi nyingine, imeandikwa Datin, "Shemeji, weka hii meza ya wake, Datuk ni mume, mke ni Datin, nimesoma kwenye intaneti," amesoma! dakika tatu za intaneti zimezaa mtaalamu, na yeye Kidawa aliyesota miaka minne chuoni Kuala Lumpur, akipanga viti vya mahafali kwa vyeo vya heshima, Tun juu, chini yake Tan Sri, halafu Datuk, na ole wako uwachanganye, watu ambao hata ufalme masultani wao wanapokezana kila miaka mitano, yeye ndiye hajui... mke wa Datuk ni Datin, sawa, cheo cha mume humfikia mke kama mvuke wa chungu, lakini mwanamke akitunukiwa mwenyewe ni Datuk mwenyewe, na mumewe hapati kitu, hata herufi moja, anabaki Encik, bwana fulani tu, kama yule mzee wa mahafalini, mkewe jukwaani na nishani kifuani, yeye safu ya tatu kashika mkoba wa mkewe, anatabasamu utadhani kashinda yeye... "Shemeji, unanisikia?"... anasikia, na mgeni wa leo katunukiwa mwenyewe, Datuk Norhayati, amekuja kwa mambo ya makontena bandarini, mume kamsindikiza, barua ya ofisi yake imesema wazi, ila Gadiel kaona jina la mwanamke akaamua Malaysia nzima imekosea, na yeye, Gadiel wa Singida, akaisahihisha... "Maman Kidawa, fanya vile chef Gadiel anasema," Marcelline, mhudumu mwenzake, ananong'ona akipanga glasi, "contrat yako si anasaini Ijumaa? Kazi ingine iko wapi mu Durban?"... kweli, kalamu ya mkataba ni ya Gadiel, na kazi yenyewe aliipata kwa kuwa Gadiel ni rafiki wa Dulla mumewe, shemeji huku, shemeji kule, mtaani Overport nzima yeye ni mke wa Dulla, hata kibali cha kukaa nchini kimemwandika mwenzi wa Dulla, yule ofisa dirishani aliisukuma shahada yake kando kwa ukucha, bila kumtazama, "This one we don't need, mama," naye akasema asante, eish, asante! alimshukuru mtu kwa kumfuta, akatoka na muhuri wake akausifia njia nzima... na kadi hii akiiweka, ukucha utakuwa wa nani sasa? si wa Gadiel, Gadiel atakuwa jikoni akionja mchuzi, ukucha utakuwa wake yeye, Kidawa, yeye ndiye atakayekuwa dirishani... "Wako kwenye lifti, shemeji, please!" Gadiel bado kanyoosha mkono, Marcelline bado anapanga glasi zilizokwisha kupangika, Ijumaa bado ni kesho kutwa, na Kidawa akaisubiri hofu, akaisubiri kwa adabu zote, haikutokea, akasikia tu kiganja chake kikizidi uzito juu ya kadi.