Mkono Uliofungwa Vijiti

Yunisi alianguka kutoka juu ya paa bapa la tembe yao asubuhi ya Jumatatu, akianika mtama. Kabla jua halijawa kali, mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa vijiti vinne na mganga wa mifupa, na binti yake Elina alikuwa ameshatolewa shule.

Pale kijijini Ilongero hakuna aliyeona ajabu. Filipo, kaka yake Elina, alikuwa darasa moja naye, tena wa kuvuta mkia, lakini mvulana hashiki mwiko, na jambo hilo halikuitiwa hata kikao. Baba yao Antipasi alimwambia Elina atarudi mama akishapona. Mganga alitaja mwezi mmoja. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa baada ya wiki sita, na Elina alijua kwamba anayekosa masomo ya mwezi mzima anakwenda kwenye mtihani kusalimia tu.

Baba yao alikuwa nyumbani kwa sababu Bwana Shauri wake, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikwenda likizo Ulaya. Miaka minane alikuwa amefanya kazi bomani Singida. Kazi gani, hakusema. Alisema tu kwamba Bwana hawezi kuianza siku bila yeye, na watu wakamweka kwenye fungu la makarani. Nyumbani alikuwa hakaribii mafiga. Chungu kikifoka, alimwita mtu.

Siku ya pili Elina alitumwa kutafuta kitambaa cha kumfungia mama mkono shingoni. Akafungua sanduku la baba yake. Chini ya koti alikuta picha. Baba yake alikuwa amesimama mle, aproni nyeupe kuanzia shingoni hadi magotini, mkononi ameshika sinia lenye kuku wa kuoka aliyelala miguu juu. Alikuwa anacheka kicheko ambacho Elina hakuwahi kukiona pale nyumbani. Mtoto akairudisha picha, akachukua kitambaa, akaenda kupika ugali mbaya kuliko wote aliowahi kupika.

Ikumbukwe kwamba jioni wanaume wa nyumba jirani walikula pamoja uani, kila nyumba ikileta chungu chake. Kwa hiyo aibu ya nyumba moja ililiwa na wote. Ugali wa Elina ulikuwa na unga mbichi tumboni, na mlenda ulitiwa chumvi mara mbili. Wanaume walitafuna kwa adabu. Kesho yake ulikuwa mbaya zaidi. Siku ya tatu ya ugali ule Antipasi alimeza tonge akiwa amefumba macho, kama mtu anayeng'olewa jino, kisha akamfuata binti yake jikoni na kusimama mlangoni, maana kuingia aliona haya.

"Wewe mtoto, hivi mama yako hakukufundisha kitu?"

"Alinifundisha, baba. Labda nimerithi upande wako." Elina akakoroga chungu. "Kuna mtu nimemwona kwenye picha. Anafanana nawe sana. Amevaa gauni jeupe."

Antipasi akatazama nyuma, akaingia, akafunga mlango.

"Si gauni. Ni aproni."

"Mama ameshaiona?"

"Hajaiona mtu. Unataka nini?"

"Shule," akasema Elina.

Kuanzia siku ile Elina alikwenda shule na Filipo. Alasiri mlango wa jiko ulifungwa, na aliyeuliza aliambiwa Baba Filipo ana usingizi. Jioni mtoto alibeba chungu kupeleka uani, kichwa chini, kama binti aliyechoka kwa kazi. Antipasi alikuwa na kopo la bizari kutoka mjini na kisu cha kukatia vitunguu kama karatasi. Jogoo wa kawaida akiingia mle ndani alitoka mheshimiwa. Wanaume wakaanza kuwahi. Walikula chungu cha nyumba ile kwanza, na vyungu vya wake zao vikapoa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wiki ya nne, mzee Urbano, jirani yao mwenye ng'ombe wengi, alikuja na kidumu cha asali kumposa Elina kwa ajili ya mwanawe. Yunisi alimkaribisha, akamwandalia kigoda kwa mkono mmoja. Elina alijibanza nyuma ya ukuta na daftari lake. Urbano akataja ng'ombe kumi na wawili, na sharti moja tu: msichana aache shule kesho, maana kalamu inaharibu mkono wa mapishi.

Antipasi akaanza kuwahesabu kwa sauti ya chini. Ng'ombe kumi na wawili ni wengi, na Elina alisikia hesabu ikirudiwa mara ya pili. Huenda ingeishia pabaya, kama Urbano asingependa kuongea.

"Na ni bahati, Baba Filipo, hakukufuata wewe. Ufundi ule ni wa ukoo wa mama yake. Unaonekana wazi."

Yunisi akakohoa kidogo, akashukuru kwa niaba ya ukoo wake.

Antipasi akasimama. "Mchuzi ule ni wangu," alisema.

Urbano akadhani ni mbinu ya kupandisha mahari, akaongeza ng'ombe mmoja. Antipasi akaingia chumbani, akatoka na aproni. Akachinja kuku, akamnyonyoa, akakata vitunguu bila kutazama kisu, mchana kweupe, mlango wazi. Habari zikakimbia. Kuku alipoiva ua ulikuwa umejaa, na wanawake walikuwa mbele. Urbano alikula paja zima. Akafuta vidole.

"Basi wa kuposwa ni wewe," akasema, na ua mzima ukacheka, Antipasi naye, kicheko kilekile cha kwenye picha. Urbano akabeba kidumu chake na kwenda zake.

Asubuhi ya mtihani Elina aliondoka na chapati mbili za moto ndani ya kitambaa. Akageuka kuaga, akamwona mama yake nyuma ya ghala akifungua vijiti. Mkono ulikuwa mzima, ukajinyoosha vizuri, ukamkuna mgongoni.

"Mama, umepona lini?"

"Wiki mbili hivi," alisema Yunisi. "Miaka minane baba yako anarudi na nguo zinazonuka vitunguu, mwanangu. Makarani hawanuki hivyo. Nenda, utachelewa."

Kisha akavifunga vijiti upya, akavikaza kwa meno, akaenda kumuuliza mumewe leo wanakula nini.