Jicho la Pili

Kurasa mia nne na kumi na mbili za vitenzi vya Kiholanzi zilikuwa zimejipanga katika kamusi ya mtandaoni kama wanafunzi mstarini, na zote zilibeba jina la mwalimu Vestine, ingawa alizitengeneza kwa programu ya kompyuta. Mtu yeyote aliruhusiwa kuandika katika kamusi hiyo, ila kwa sharti moja: kurasa zilizotengenezwa na programu zisomwe kwanza na jicho la pili. Jicho hilo lilikuwa la Kagabo, mwanafunzi wake wa zamani wa Kiholanzi, sasa fundi simu pale mtaani Sonatubes.

Jumamosi hiyo, saa moja asubuhi, Vestine alifungua ukurasa mmoja kujifurahisha tu. Akafungua mwingine, na mwingine. Programu ilikuwa imevinyoosha vitenzi vyote kwa kanuni moja, hata vile vikaidi visivyoifuata. Akahesabu: sitini na tatu, makosa matupu, na wiki tatu zimepita tangu ziwekwe hadharani.

Akampigia Kagabo.

"Zile kurasa ulizisoma?"

"Nizisome za nini, mwalimu? Si ni wewe uliandika? Nilibonyeza kukubali, nikaendelea na kazi."

"Kazi yako ilikuwa kusoma!"

"Mimi nikusahihishe wewe? Unataka nipate laana?"

Vestine alikata simu. Aliziondoa kurasa zile, akaeleza sababu hadharani kwa jina lake. Lakini yaliyokwisha kukaririwa hayaondolewi kwa kubonyeza. Mwanafunzi wake Uwineza, aliyeishi kule Ndera, angefanya mtihani wa kuzungumza Kiholanzi Jumatatu, kwa mara ya pili. Asipofaulu, hapati ruhusa ya kumfuata mumewe Rotterdam. Na binti yao wa miaka miwili alimjua baba kwa sura ya kwenye simu tu. Vestine mwenyewe ndiye aliyemwamuru azinakili kurasa hizo na kuzikariri neno kwa neno.

Simu ya Uwineza ilikuwa imezimwa. Na ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa: maduka yamefungwa, pikipiki hazipiti, kila mtaa uko nje na majembe. Kwa saa tatu Vestine alizibua mtaro wa mtaa wake, Nyakabanda, pamoja na majirani, akichimba kwa pupa.

"Pole pole, mwalimu," jirani alimtania, "huo mtaro hautoroki!"

Kila jembe liliposhuka, alimsikia Uwineza akikariri kosa jingine.

Saa tano, kazi ilipokwisha, akadandia pikipiki ya kwanza. Alimkuta Uwineza barazani, daftari magotini, midomo ikicheza.

"Funga hilo daftari," alisema hata kabla ya salamu. "Nimekupotosha. Vitenzi sitini na tatu nimeviandika vibaya."

Uwineza alilifunga daftari.

"Juzi mume wangu alinicheka. Akasema huko hawasemi hivyo. Nikamgombeza, nikamwambia mwalimu wangu hakosei. Nikazima simu. Mpaka sasa sijaiwasha."

Vestine alilichukua daftari. Akaketi mkekani, akatoa kalamu nyekundu.

"Iwashe, mama. Mpigie."

Simu iliita mara tatu, mara nne. Vestine alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Mara sauti ya mwanamume ikasikika kwa mbali.

"Mwalimu amekuja," Uwineza alisema, macho chini. "Anasema… anataka umsahihishe."