Misa ya Shukrani ya Zenon

Figo ya Zenon ilipotolewa na kidonda kikapona, alichinja mbuzi, akaomba misa ya shukrani, akapikisha pombe ya ulezi, mpaka kijiji kizima cha Ilemba kikajua kwamba kansa imemtoka. Daktari alikuwa amemwagiza awe anarudi kupigwa picha ya kifua na tumbo. Hakurudi hata mara moja.

"Nimeshamshukuru Mungu mbele ya watu," alimwambia mkewe, Silvana. "Nikirudi kupimwa, si itakuwa kama namdai risiti?"

Silvana alicheka siku ile, na kicheko hicho kinamuuma hadi leo.

Kikohozi kilianza wakati wa kupura ulezi. Nani angeshtuka? Vumbi lile humkohoza kila mtu. Lakini ulezi uliingia ghalani, vumbi likatulia, na Zenon akaendelea kukohoa. Mkono nao ukaanza kumuuma usiku na mchana, akasingizia jembe. Mtu akiamua kujidanganya hakosi sababu. Silvana alimbembeleza waende mjini, akagonga mwamba, mpaka asubuhi moja Zenon aliponyanyua ndoo ya maji na mkono ukavunjika. Ndoo yenyewe wala haikujaa.

Hospitalini Sumbawanga, Daktari Mbonile aliwaamkia, kisha akawaonyesha picha.

"Mzee, hii ni kansa ileile ya figo. Imeingia kwenye mapafu na kwenye mfupa wa mkono."

"Figo si mliitoa?" Silvana alidakia.

"Ilitolewa, mama. Ila chembe zake huweza kutoroka na damu kabla ya upasuaji, zikajificha kimya kwingine. Ndiyo maana huwa tunawaita mrudi."

"Basi nipasueni tena," Zenon alisema.

"Zimeshasambaa, mzee. Kisu hakiwezi kuzifuata kote. Kuna dawa za kuzipunguza kasi, na maumivu tutayatuliza. Kuzimaliza zote, hapana."

Zenon aliinamisha kichwa. Baadaye, wamekaa kwenye benchi nje, alimgeukia mkewe.

"Mama Adela, watu tutawaambia nini?"

Watu! Hasira ilimpanda Silvana, na huruma ikaja nyuma yake.

"Watu watasikitika, kisha watarudi makwao, Baba Adela. Nitakayebaki ni mimi. Mbona mimi huniulizi?"

Zenon alifungua mdomo amjibu, kikohozi kikamwahi.