Magodoro Kumi na Mawili

Kama kuna mtu aliyeponzwa na usafi wake mwenyewe, ni Mama Kengele. Siku bwana afya alipokuja kukagua kituo chake cha kulelea watoto, kabla hakijaruhusiwa kufunguliwa tena baada ya mlipuko wa maradhi, yeye alikuwa ameshafua foronya zote, kaanika magodoro yote ishirini, kayapanga chini safu kwa safu. Alitaka kusifiwa. Bwana afya hakusifu. Alitoa utepe, akapima kutoka godoro hadi godoro, akatikisa kichwa, kisha akaanza kuyasukuma kwa ncha ya kiatu: hili huku, lile kule. Alipomaliza, kumi na mawili yalikuwa chini na manane yamesimamishwa ukutani kama watoto waliotiwa adabu.

"Watakaolala humu wasizidi kumi na wawili," alisema huku akiandika. "Na walezi wawili, wasipungue. Ukiwa peke yako, hufungui. Jumatatu nitapita."

Mama Kengele alibaki kakodoa macho. Jina hilo alipewa na mtaa kwa ajili ya kengele ya shaba anayowagongea wazazi wanaochelewa kuchukua watoto, ili kila mtu ajue ni nani. Watoto wake walikuwa ishirini. Ada ya kumi na wawili ingelipa pango na chakula, basi. Mlezi mwenzake, Dada Taratibu, asingepata kitu. Na Dada Taratibu alishaitwa kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, jibu linatakiwa Jumapili jioni. Dada akienda, lango halifunguki. Wiki saba za kufungiwa na maradhi alizimeza. Kufungiwa na utepe, hapana.

Tena wiki saba zenyewe ndizo zilizomfunza watu. Mwanzoni aliwaomba wazazi jambo moja tu: kila mtu alipe nusu ya ada, ashikiliwe nafasi ya mtoto wake, na Dada apate cha kuweka mezani. Kundi la kwenye simu liliwaka moto. "Nilipie chakula ambacho mwanangu hakula?" aliandika fundi redio. Mama mmoja alituma sauti ya dakika sita akilia hali ngumu, na nyuma yake muziki unarindima na watu wanapiga vigelegele. Tisa walilipa. Kumi na mmoja wakawa kama waliohama nchi. Mmoja wao alikuwa wifi yake mwenyewe, dada wa mumewe, ambaye kila asubuhi alituma picha ya maua na dua ndefu, ila senti hata moja hakutuma.

Jumamosi akawaita langoni. Kwa kuwa ilikuwa lazima wasimame mbalimbali, hatua mbili mbili, ilibidi wapige kelele ndipo wasikilizane, na majirani wakatoa viti nje. Burudani ya bure nani anaikataa?

"Nafasi ni kumi na mbili. Waliolipa nusu ndio wa kwanza," alitangaza Mama Kengele.

"Nusu ya nini?" fundi redio akadakia. "Mwanangu kakaa nyumbani wiki saba, kanivunjia redio tatu za wateja. Wewe ndiye ungenilipa mimi!"

"Redio tatu tu? Mimi nimekaa naye miaka miwili, baba! Nikikuletea orodha utauza duka."

Watu hoi kwa kicheko. Hapo ndipo wifi alipotokea, kachelewa kama kawaida, akapita mbele ya wote.

"Wifi, mimi sipangi foleni na watu baki. Mwanangu ni damu ya nyumba hii."

"Damu hainunui sabuni, wifi."

"Kaka yangu anajua unavyonisema mbele za watu?"

"Anajua. Yuko chooni, kajifungia tangu ulipokata kona ile."

Kelele zikapanda. Huyu anataja kazi yake, yule anataja mgonjwa wake, kila mmoja shida yake ndiyo shida. Mama Kengele akahisi kichwa kinagonga kama kengele yake. Angewaambia nini? Wanane lazima wakose, na wanane wakikosa, wote wamekosa.

Dada Taratibu, aliyekuwa mlangoni anakunja mashuka, akasema pole pole kama kawaida yake, "Mama, bwana afya alisema watakaolala. Uwanjani hakupima."

Vichwa vikamgeukia.

"Wale wakubwa hawalali, wanatusumbua tu," akaendelea. "Wacheze nje, wale chakula, saa saba wachukuliwe. Nusu siku, nusu ada."

Mama Kengele akapiga hesabu kwa vidole mgongoni. Kumi na wawili kamili, wanane nusu: sawa na ada kumi na sita. Dada anabaki! Alitaka kumkumbatia, ila hatua mbili.

Basi, ungedhani mambo yameisha. Wapi! Sasa kila mzazi anataka siku nzima, na ghafla mtaa mzima hauna mtoto asiyelala.

"Wangu akiona godoro tu, gogo!"

"Wangu hulala hata kasimama!"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu," alisema wifi, "mwanangu ni mtu wa usingizi."

"Mama yako mzima, wifi. Nimeongea naye asubuhi."

Dada Taratibu akaleta daftari lake. Kila mchana aliandika nani kalala na kwa dakika ngapi, kwa kuwa wazazi huuliza. Akafunua ukurasa. "Mtoto wa wifi. Siku arobaini. Usingizi, hakuna. Pembeni nimeandika: kamng'ata jirani."

Wifi akanywea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo majirani waliinamia mbele kuisikia, "Saluni yangu nikiifunga saa saba, mimi nitakula nini?" Akafungua mkoba, akatoa bahasha. Nusu ya ada, yote, imekunjwa vizuri.

"Kumbe ulikuwa nayo!"

"Nilikuwa naangalia kama mtafungua kweli. Nani analipa nauli ya gari lisilojulikana kama litaondoka?"

Fundi redio akatazama viatu vyake. Na wengine vyao.

"Na litaondokaje bila mafuta?" Mama Kengele alifoka mpaka sauti ikakatika. "Enyi watu! Litaondokaje?"

Bahasha zikaanza kutoka. Wale tisa waliolipa mapema wakapata magodoro yao, mawili wakapewa wenye watoto wachanga kabisa, na la kumi na mbili, baada ya mume wa Mama Kengele kuchungulia dirishani na kurudi ndani haraka, likaenda kwa wifi. Jumapili, Dada Taratibu akawajibu wa nyumba ya wageni: asanteni, nina kazi.

Jumatatu mchana wakubwa wanane walishaondoka. Kumi na mmoja walilala. Mtoto wa wifi alikuwa macho kama bundi. Mama Kengele akashusha godoro moja ukutani, akalitandika kando ya mtoto, akajilaza. "Fumba macho. Tazama ninavyofanya mimi."

Akamwonyesha vizuri mno. Wiki saba hakuwa amelala, sasa alikoroma.

Bwana afya akaingia, akahesabu kwa kalamu. "Magodoro kumi na matatu."

"Huyo wa mwisho ni mlezi," Dada Taratibu alinong'ona.

"Mlezi aliyelala si mlezi. Basi hapa pana mlezi mmoja. Nafunga."

Kalamu haijagusa karatasi, kengele ikalia masikioni mwao wote. Mtoto wa wifi alikuwa kaikumbatia kwa mikono miwili, anaitikisa kwa nguvu zake zote. Mama Kengele akaruka wima, macho bado hayajafunguka sawasawa, akamnyooshea bwana afya kidole: "Umechelewa! Kila siku wewe! Mtoto wako yuko wapi?"

Watoto kumi na mmoja wakaangua kilio kwa pamoja. Mmoja akamshika bwana afya suruali, mwingine akaunyakua utepe, akautia mdomoni. Bwana afya akaandika haraka haraka, akisoma kwa sauti ili asikike: walezi wawili, wote macho. Akasaini, akaondoka bila utepe.

Mama Kengele, kabeba mmoja huku na mmoja kule, akageuka kumtafuta mwenye kengele amtie adabu. Alimkuta kwenye godoro la kumi na tatu, kajikunja, kinywa wazi.

Dada Taratibu alishalifungua daftari, anatazama saa ya ukutani.